Maji yakijaa ndege wanakuja wenyewe: maswali yenu kuhusu ndege wa Unguja na Pemba

Ukurasa wa wasomaji mwezi huu ni ndege mwanzo mwisho. Maswali yamekuja mengi kutoka Unguja, Pemba na Dar, mengine yalikuwa marefu tumeyafupisha kidogo ila maana ni ileile. Tunaanza na lile ambalo limeulizwa na watu wengi zaidi.

SWALI: Habari za kazi. Mimi na mke wangu tupo Dar, tunataka kuja Zanzibar kama wiki hivi, sio kwa kuogelea, sie tunapenda ndege. Kila tukiuliza tunaambiwa nendeni Jozani, basi. Kwani hakuna sehemu nyingine? Halafu mwaka jana tulikaa ufukweni Jambiani asubuhi nzima tukaona ndege wadogo kwa mbali kama vidoti, tukarudi zetu hotelini. Tunakosea wapi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Kaka, sehemu mlipata nzuri tu, kilichowaangusha ni maji. Watu wengi wanapanga safari ya ndege kwa kutafuta jina la sehemu, sie wa pwani tunaanza na maji, ukishayajua maji basi karibu kila penye tope na mchanga panakuwa pazuri. Bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, huku linapanda na kushuka karibu mita 4, na upande wa mashariki, yaani Jambiani, Paje, Bwejuu mpaka Chwaka, pwani ni tambarare, kwa hiyo maji yakitoka yanakwenda zaidi ya kilomita kuelekea mwambani, na ndege wa pwani kama vitwitwi na chamchanga na sululu wote wanaufuata ule ukingo wa maji huko huko maana chakula chao kipo kwenye tope bichi, sasa nyie mmekaa chini ya mnazi lazima muone vidoti. Na kama mlikwenda asubuhi wakati wa bamvua ndio kabisa, bamvua la huku maji huwa yamekupwa kama saa 4 asubuhi.

Fanyeni kinyume chake. Maji yanapoanza kujaa yanawasukuma ndege taratibu kuja juu, kila muda ukienda eneo la kula linapungua, wanabanana, mwisho wanakusanyika kwenye fungu au kipande cha mchanga kilichobaki na hapo unawaona wote mahali pamoja, wakubwa kwa wadogo, wengine wamesimama mguu mmoja wamelala. Kwa hiyo fikeni masaa mawili kabla maji hayajajaa, kaeni chini, mtulie, msiwafuate. Watakuja wenyewe mpaka mtaona rangi ya miguu.

Maji mtayajuaje? Aplikesheni zipo lakini hata tarehe ya mwezi wa Kiislamu inatosha. Mwezi unapoandama na unapofika kumi na tano ni bamvua, na linakuwa kubwa zaidi siku moja mbili baadaye, siku hizo maji yanajaa kama saa 10 na kitu jioni, na alfajiri vilevile. Ikifika tarehe 8 au 9, na tena 22 au 23, ni maji mafu, yanajaa kwenye saa 4 au 5 asubuhi na hayapandi sana. Kila siku yanachelewa karibu dakika 50. Sasa unganisheni na jua. Upande wa mashariki asubuhi jua linawapiga usoni, ndege wote mtawaona weusi tu, lakini bamvua likijaa saa 10 jioni jua lipo mgongoni kwenu na ndege wapo mbele, hakuna saa nzuri kama hiyo kwa kamera. Upande wa magharibi, Fumba na kule, ni kinyume, huko chagueni siku za maji mafu mwende asubuhi.

Sehemu zenyewe sasa. Chwaka mie naiweka juu kwa Unguja, ghuba kubwa, mikoko mingi, majani ya bahari na tope, karibu kila ndege wa pwani anapata chakula chake. Michamvi mnaona ghuba hiyohiyo kwa upande wa pili. Kusini kuna Ghuba ya Menai, eneo la hifadhi tangu 1997, mkipata nahodha wa Fumba anayejua mafungu mwambieni mnataka kuona ndege, asiiegeshe boti juu ya fungu lenyewe, asimame mbali azime mashine. Halafu ipo njia ya zamani ya mawe inayotoka Unguja Ukuu kwenda kisiwa cha Uzi katikati ya mikoko, ile maji yakijaa inafunikwa, ulizeni wenyeji kabla hamjaingia maana mtu asiyejua anaweza kukwama. Pale sululu wanalala juu ya mikoko yenyewe maji yakijaa, mtu anatafuta chini hamwoni hata mmoja kumbe wapo juu ya kichwa chake.

Na Jozani msiiache hata hivyo. Imekuwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka tangu 2004, tatizo wageni wanafika saa 5, wanapiga picha kima punju, wanaondoka. Nyie fikeni mapema iwezekanavyo. Msituni msikilize kulukulu, sauti yake ya kukoroma inasikika kabla hujamwona, ni wa kijani, kisogoni mwekundu, na akiruka mabawa yanawaka wekundu mtupu ambao akitua hauonekani tena. Halafu nendeni kwenye ile njia ya mbao inayopita ndani ya mikoko mkamtafute mdiria wa mikoko, wa buluu na kijivu, mdomo wake wote mwekundu juu na chini. Kuna mwenzake anayefanana naye sana anapenda maporini, huyo mdomo wa chini ni mweusi, hiyo ndio njia rahisi ya kuwatofautisha.

Mkiwa na siku za ziada pandeni boti au ndege mwende Pemba, soma jibu linalofuata.

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni mwanafunzi wa skuli ya sekondari hapa Wete. Mwalimu katwambia Pemba kuna ndege ambao hawapo popote duniani isipokuwa hapa. Ni kweli? Ni wepi na nitawaona wapi bila kulipa pesa nyingi? (Mwanafunzi, Wete)

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Mwalimu wako kasema kweli tupu na mie nafurahi mwalimu wa Wete anasomesha haya. Wapo wanne: ninga wa Pemba (njiwa wa kijani), bundi mdogo wa Pemba, chozi wa Pemba, na kile kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Wanne hawa duniani kote ni kwenu tu. Sababu ni kwamba Pemba imetengana na bara kwa mkondo wenye kina kirefu sana kwa muda mrefu mno, Unguja ilikuwa imeungana na bara wakati bahari ilipokuwa chini zama za barafu, Pemba haikuungana, kwa hiyo ndege waliofika huko walibaki peke yao wakabadilika taratibu vizazi kwa vizazi.

Wawili kati yao hulipi hata senti. Chozi yupo kwenye mabanda ya nyumba, kwenye mikarafuu, kwenye maua ya uani, dume anang'aa kijani na zambarau jua likimpiga, anapenda kurudi kwenye ua lilelile, simama karibu na mgomba wenye ua utamwona tu. Kile kindege cha jicho jeupe kinakwenda kwa makundi madogo, vinaitana muda wote, vinapekua majani ya mti kimoja kimoja vikitafuta vidudu halafu vyote vinahama pamoja kwenda mti wa pili. Angalia mwembe wa jirani kesho asubuhi kabla hujaenda skuli.

Ninga ndio wa kuhangaikia kidogo, yeye ni mtu wa matunda, na huyu ni miongoni mwa ndege walio hatarini duniani kwa sababu kisiwa chenyewe kidogo na misitu imepungua. Unamtafuta Ngezi. Chukua gari ya Konde, toka Konde unaweza kupanda boda au hata baiskeli mpaka getini. Pale unalipa kiingilio, cha mwenyeji ni tofauti na cha mgeni, kwa hiyo jieleze, na mkienda darasa zima na barua ya mwalimu ni bora zaidi. Tafuta mtini wenye matunda yaliyoiva ukae chini yake. Ninga ana rangi ya kijani na kijivu na hatikisiki, unaweza kuutazama mti dakika kumi ukasema hamna kitu halafu ghafla tunda linaanguka mbele ya miguu yako, ndio hapo unainua macho unawakuta watano. Sikiliza matunda yanavyodondoka kuliko kutafuta ndege.

Bundi naye anahitaji usiku, mweleze mlinzi wa msitu mapema akupange. Baada ya magharibi anaanza kuita, sauti moja fupi ya "hu", ananyamaza, tena "hu". Hata kwenye mikarafuu karibu na nyumba zenu anasikika, ukiwa na babu yako shamba muulize, lazima anaijua hiyo sauti. Ila tafadhali usiweke sauti yake kwenye simu ukamwita, wageni wengi wanafanya hivyo, bundi anadhani kaja bundi mwingine kumnyang'anya sehemu, anaacha kuwinda anakuja kugombana na simu. Mara moja unaona si kitu, lakini kila usiku kila mgeni ni mateso.

SWALI: Huku kwetu bundi ni ndege mbaya, akilia juu ya paa watu wanasema kuna maiti. Wajukuu zangu wanampiga mawe. Sasa nyie mnataka watu wende kumtazama usiku? (Bibi, karibu na Chake Chake)

JIBU: Shikamoo bibi. Tunajua hayo maneno tumekua nayo sote. Ila yule bundi mdogo wenu anakula wadudu, ndio kazi yake usiku kucha, panzi, mende, nondo, na analia kwa ajili ya mwenzake na kwa ajili ya eneo lake tu. Na kwa kuwa duniani kote hayupo isipokuwa Pemba, akimalizwa kwa mawe hapo kwenu ndio keshakwisha, hakuna pengine pa kumtoa. Tunakuomba wewe ndio uwakataze hao wajukuu, ukikataza bibi wanasikia kuliko sie tukiandika gazetini.

SWALI: Mimi nalima mwani huku Paje tangu nipo msichana. Kila tukishuka na maji kuna ndege wanatutangulia na wengine wanatufuata nyuma. Wengine wanasema wanakula mwani. Kuna mmoja mweupe na mweusi mdomo mnene kama kisu, wanakwenda kundi na watoto wao wanalia kutaka chakula. Ni nani huyo? (Mama wa mwani, Paje)

JIBU: Mama, asante sana, swali lako limetupa raha. Kwanza wasiwasi wa mwani uondoe, ndege hao wa matopeni hawali mwani. Wanafuata vikaa, minyoo na vidudu vinavyojificha kwenye mchanga, na nyie mkipita mkivuta kamba na kusimika vijiti mnavitibua vitu hivyo vinatoka, ndio maana wanawafuata nyuma. Kilimo cha mwani huku kilianza 1989 na ndege wamewazoea akina mama wa mwani kabisa, mgeni akitokea na kofia na kamera wanaruka, mama mwenye kanga akipita wanasogea kidogo tu.

Huyo mweupe na mweusi ni mla kaa. Mtazame miguu yake, mirefu ya kijivu-buluu, na mdomo mweusi mnene wenye nguvu kweli, kaa anampiga anamtikisa mpaka miguu inachomoka halafu anammeza kiwiliwili. Yeye hazalii huku, anazalia kwenye fukwe na visiwa vya Bahari ya Shamu, Ghuba ya Uajemi na Somalia, wakati wa joto kali la kule, tena hataki kiota cha juu, anachimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Ndege wa jamii yake ya pwani karibu wote wanataga juu ya ardhi, yeye peke yake anachimba. Baadaye kwenye mwezi wa 8 wanaanza kuja kwetu na wanakaa mpaka kama mwezi wa 4. Na hao watoto uliowaona wakilia ni kweli ni watoto, wamesafiri bahari yote hiyo na mzazi na wamefika Paje bado wanaomba walishwe, mzazi anampa kaa. Ndege wengine wengi wa pwani mtoto akishajua kuruka anajitegemea, huyu analea mpaka ugenini.

Kwa wasomaji wengine: mkitaka kumwona mla kaa waulizeni hao akina mama. Kwa heshima lakini. Salimieni, wacheni wamalize kazi maana bamvua ndio siku yao ya pesa, na msikanyage kamba za mwani kwa kumfuata ndege.

SWALI: Sisi ni wavuvi wa kusini. Tukienda dago (kambi ya uvuvi) mbali, kule Fungu Kizimkazi, ndege wanafunika kisiwa chote, pa kuweka mguu hakuna. Tunaokota mayai tunakula. Mungu kaleta riziki, kuna ubaya gani? (Mvuvi, Kizimkazi)

JIBU: Kaka, tunazungumza na wewe kama watu wa bahari. Hicho kisiwa wazungu wanakiita Latham, ni jiwe dogo la matumbawe halina mti, na ni miongoni mwa sehemu chache mno kwenye pwani yetu ambazo ndege wa bahari kuu wanazalia kwa wingi, buabua weusi mgongoni, na wale wakubwa weupe wenye uso mweusi wanaojitupa majini kama mkuki. Buabua yule anataga yai moja tu. Likiokotwa mwaka ule kwa yule ndege mara nyingi ndio basi. Na mtoto wake akishaondoka kisiwani anakaa baharini miaka kadhaa bila kutua nchi kavu, ndio siku moja anarudi kuzalia, kwa hiyo yai la leo ni ndege wa miaka mingi mbele.

Na kuna jambo ambalo wewe unalijua kuliko sie. Ukiwa baharini unatafuta jodari unatazama nini? Unatazama ndege. Buabua wakizunguka na kushuka mahali pamoja unajua chini kuna jodari anawapandisha dagaa juu, unageuza chombo unakwenda. Hao ndege wanaokuonyesha wamezaliwa kwenye visiwa kama hicho. Wakipungua utatafuta samaki kwa kubahatisha na mafuta ya mashine unajua bei yake.

Halafu si mayai yanayookotwa tu. Watu wakishuka kisiwani ndege wote wanaruka, yai linabaki juani mchana, pale hakuna kivuli, muda mfupi tu linaharibika. Mia wamekufa kwa ajili ya ndoo moja ya mayai. Ikiwa lazima mtue kwa dharura ya upepo tueni, kaeni sehemu moja ya ukingoni, msizunguke katikati. Na angalieni sana chombo kisilete panya. Kule kisiwa cha Chumbe panya waliondolewa 1997 kwa kazi kubwa, maana panya akiingia kisiwa kidogo anakula mayai na makinda.

SWALI: Kwa kuwa umetaja Chumbe kwengine, je huko kuna ndege? (Msomaji, Mjini)

JIBU: Wapo, na safari yake ni nzuri kwa mtu wa mjini maana si mbali, lakini lazima uombe nafasi mapema, wageni wa siku moja ni wachache na hawapokei anayejitokeza tu. Mwaka 1994 buabua wa waridi walizalia kwenye kisiwa hicho. Hao hawana ahadi, mwaka huu hapa mwaka mwingine kisiwa kingine, kwa hiyo usiende kwa ajili yao peke yao. Nenda kwa ajili ya msitu wa juu ya mawe na mnara wa taa wa 1904, na ukiwa kileleni kwenye mnara unaona yange na furukombe wanapita chini ya macho yako.

SWALI: Nimeona yange weupe na yange weusi wanawinda pamoja mwambani Nungwi. Ni aina mbili au mume na mke? (Kijana wa boti, Nungwi)

JIBU: Ni aina moja, na rangi haina uhusiano na dume au jike. Yange huyu wa pwani wengine wanazaliwa weupe wengine wa kijivu cheusi, na unaweza kukuta mweupe kaoana na mweusi. Ukitaka uhakika mtazame shingoni na miguuni: yule mweusi ana koo jeupe, na wote wawili miguu ni myeusi ila vidole ni vya manjano, ukiwa umekaa kwenye boti maji yakiwa machache utaviona anapoinua mguu. Tabia yake nayo inamtambulisha, yange wengine wanasimama wakisubiri, huyu anakimbia kwenye vidimbwi vya mwambani, anageuka ghafla, anafungua bawa, anakimbia tena. Wewe uliyepo Nungwi kila siku unaweza kuwaonyesha wageni jambo ambalo hawatalisahau.

SWALI: Kunguru wamezidi mjini. Wanaiba chakula, wanaua vifaranga. Je nao ni ndege wa kutazama? (Mama lishe, Darajani)

JIBU: Dada pole. Kunguru yule wa shingo ya kijivu si wa huku, aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili ale taka za mji, akafanya kazi hiyo na nyingine ambayo hakutumwa. Anakula mayai na makinda ya ndege wetu, ndio maana mjini ndege wadogo ni wachache ukilinganisha na mashamba. Kwa hiyo sie hatumhesabu katika wa kufurahia. La kufanya kwako ni mabaki yafunike, usiache utumbo wa samaki na kuku wazi, kunguru anazaa kulingana na anavyoshiba. Wengi wanaziba banda la kuku wakaacha jaa la taka wazi nyuma ya nyumba.

SWALI: Darubini gani ninunue? Nimeona dukani ya mara 20 bei rahisi. (Msomaji, Fuoni)

JIBU: Hiyo iache. Ikikuza mara 20 mkono ukitetemeka kidogo ndege anacheza disko, humwoni. Tafuta iliyoandikwa 8x42 au 8x32, namba ya kwanza ni inakuza mara ngapi, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, kikiwa kipana kinaingiza mwanga zaidi asubuhi na jioni. Hata ya mtumba ikiwa vioo vyake havina ukungu inatosha. Na upepo wa kaskazi na kusi huku una chumvi, ukirudi ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kuifuta kavu, ukifuta chumvi kavu unakwaruza kioo.

SWALI: Mwanangu kaokota kitwitwi kafa ufukweni, mguuni ana pete ya chuma ina maandishi. Jirani anasema ni ya upelelezi tuitupe baharini. (Msomaji, Tumbatu)

JIBU: Msiitupe! Ni pete ya watafiti wa ndege, hakuna upelelezi. Mtu fulani, pengine mbali sana, alimkamata ndege huyo kwa wavu, akampima uzito na bawa, akamvisha pete yenye namba ambayo haifanani na nyingine, akamwachia. Kwa mfano chamchanga wengi mnaowaona huko Tumbatu wanazalia kaskazini kabisa ya Siberia, mwezi wa 6 jua halizami kule, halafu wanateremka kuja kwetu safari ya zaidi ya kilomita 10,000, na ndege mwenyewe uzito wake hauzidi sana gramu 60. Mkimtazama mwezi wa 9 akifika ni wa kijivu na mwembamba, mtazameni tena mwezi wa 4 karibu na kuondoka, kifua kimegeuka chekundu cha matofali na mwili umejaa mafuta, hayo mafuta ndio safari yenyewe. Ndio maana kila siku tunawaambia watu wasiwarushe ndege waliopumzika maji yakijaa, wasiache watoto na mbwa wawakimbize kwa mchezo, kila mruko wa bure unakula akiba hiyo.

Sasa fanya hivi. Ipigeni picha pete pande zote mpaka herufi zote zisomeke, maana jina la mji au kituo nalo limeandikwa humo, mpigeni na ndege mwenyewe picha akiwa amenyoosha bawa. Andikeni tarehe, jina la ufukwe, na kwamba alikuwa amekufa. Kwenye intaneti kuna fomu za kuripoti pete za ndege, tafuteni kwa jina lililo kwenye pete, au mkishindwa tuleteeni sie picha tutaituma. Watawajibu alivishwa wapi na lini, huyo mtoto aliyeiokota muandikeni jina lake kwenye fomu ili majibu yaje kwake.